Baridi ya Dodoma inaingia na upepo: anza kuziba nyumba kabla hujanunua hita

Kila mwaka ikikaribia Juni naona watu wanakimbilia kununua hita, hasa wale waliohamia kutoka Dar wakidhani Dodoma ni jua tu mwaka mzima, alafu baada ya wiki mbili unawasikia wanalalamika unit za LUKU zinayeyuka na chumba bado cha baridi. Naomba uamini hili kabla hujatoa hela: hita ndo kitu cha mwisho. Nyumba nyingi za hapa mjini, hata zile nzuri za Kisasa na Ilazo, zina matundu kila kona, na ukiwasha hita kwenye nyumba yenye matundu unaipasha joto barabara iliyo nje. Ziba kwanza, funika juu, tumia jua tulilonalo bure, na baada ya hapo wengi wenu mtagundua hita haihitajiki kabisa.

Inabidi kwanza tuelewane hii baridi ikoje, manake ukiielewa ndo utajua wapi pa kuweka hela. Dodoma iko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia mwisho wa Mei mpaka Agosti mawingu hakuna na hewa imekauka. Mchana jua linawaka vizuri tu, joto linafika nyuzi 25 au 26, lakini jua likishazama hakuna wingu la kufunika kwa juu, kwa hiyo ardhi na mabati yanapoteza joto kwenda angani haraka sana. Ukisikia bati linagonga ta-ta-ta kuanzia saa moja usiku ujue linasinyaa kwa kupoa. Ikifika alfajiri ya Julai kipimo kiko kwenye 13 au 14 na ule muda wa saa kumi na moja mpaka jua litoke ndo mbaya kuliko wote. Ongezea upepo, huu wa kutoka mashariki na kusini-mashariki ambao watu wa Kongwa na Singida wanaujua vizuri zaidi. Njombe wana baridi kali kutuzidi, hilo halina ubishi, ila sisi tuna upepo usiochoka na nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa kufikiria joto la Oktoba, madirisha makubwa, matundu juu, siling hakuna. Kwa hiyo upepo kwanza, paa la pili, mengine yote yanakuja nyuma ya hayo.

Kutafuta upepo unapoingilia huhitaji kifaa chochote. Hapa kwetu tuna vumbi, na vumbi linasema ukweli. Siku yenye upepo funga madirisha na milango yote, usifute kitu chochote mpaka kesho yake asubuhi, alafu pita nyumba nzima taratibu ukiangalia vumbi limekaa wapi. Utaona mstari mwekundu mwembamba chini ya mlango wa mbele, utaona kwenye kona ya chini ya dirisha la slaidi pale vioo viwili vinapokutana kuna kijilundo, utaona juu ya kabati la chumbani kumejaa wakati chumba cha pili kuko safi, na hapo inua macho utakuta konisi ya siling (ule mkanda wa pembeni siling inapokutana na ukuta) imeachia ukuta. Kila penye mstari wa vumbi pana tundu, na tundu linalopitisha vumbi mchana linapitisha baridi usiku. Weka alama kwa chaki au penseli kabla hujapiga deki, manake ukishafuta umepoteza ramani yako. Kama unataka uhakika zaidi washa kijiti cha udi usiku upepo ukivuma, kipitishe polepole pembeni mwa fremu, moshi ukilala upande au ukitetemeka ujue tundu ni hapo hapo (kaa mbali na pazia tafadhali). Njia nyingine, mchana funga mapazia yote, zima taa, simama katikati ya chumba ukae dakika moja macho yazoee giza, kila unapoona mwanga mwembamba unapenya ni kazi yako hiyo.

Milango ndo inaanza. Mafundi wetu wana tabia ya kuacha nafasi chini ya mlango ili usikwaruze taizi, na wakati mwingine nafasi yenyewe inapita kidole. Ukiwa na hela kidogo nunua ile mipira au brashi ndefu yenye bati la aluminium, inakatwa kwa msumeno wa chuma kulingana na upana wa mlango, inafungwa kwa skrubu upande wa ndani, hakikisha mpira unagusa sakafu kwa wepesi tu, ukigandamizwa sana mlango utakuwa mzito na mpira utachanika mapema. Mlango wa chuma wenye uwazi pembeni, bandika ile sponji yenye gundi kwenye fremu pale mlango unapogota, lakini futa kwanza kwa kitambaa chenye spiriti au angalau maji ya sabuni na uache pakauke vizuri, sababu gundi yoyote ukiibandika juu ya vumbi la Dodoma itadondoka siku ya tatu.

Na kama hela hakuna kabisa, au ni nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki utoboe mlango wake, shona mto mrefu wa mchanga. Chukua mguu wa jinzi iliyochakaa, au kitenge kizito ukikunje mara mbili, ushone kama bomba la upana wa kiganja na urefu uzidi mlango kidogo kila upande. Mchanga upo, chukua kwenye korongo, chekecha kokoto zitoke, uanike juani kwenye turubai siku nzima mpaka ukiushika haugandi mkononi. Jaza robo tatu tu, usijaze ukawa mgumu kama gogo, unatakiwa ulale na kufuata sakafu ilivyo. Funga mdomo kwa kushona mara mbili la sivyo utafagia mchanga kila siku. Usiku ukishaingia ndani unausukuma kwa mguu ukae chini ya mlango, basi. Huu ndo ukarabati wa bei rahisi kuliko wote na siku hiyo hiyo utaona tofauti miguuni.

Madirisha ya aluminium ya slaidi tunayapenda kwa sababu yanapendeza, lakini yanavuja kuliko ya kufungua kwa nje. Anza na usafi. Reli ya chini ikijaa vumbi kioo hakifiki mwisho, kufuli inashika nusu, na hapo katikati panabaki upenyo wa juu mpaka chini. Chukua brashi ya rangi iliyochoka, toa vumbi lote, futa kwa kitambaa kibichi, pitisha mshumaa kwenye reli ili kioo kiteleze. Alafu kagua yale manyoya yaliyopita pembeni mwa kioo, yakishalala au kukatika hayana kazi tena, mafundi aluminium wanauza kwa mita na ni kazi ya kuyachomoa na kuyachomeka mapya. Mwisho angalia fremu inapokutana na ukuta, mara nyingi lipu imepasuka pale, ziba kwa silikoni: kata ncha ya kopo kwa mshazari, vuta mstari mmoja bila kukatiza, pitisha kidole chenye maji ya sabuni, acha mpaka kesho bila kugusa. Kama utapaka rangi juu yake usitumie silikoni ya kawaida kwa sababu haishiki rangi, omba dukani ile inayopakika. Jambo moja muhimu sana: kwenye reli ya chini kwa nje kuna vitundu vidogo, hivyo usizibe hata kama unaona vinapitisha upepo, ni vya kutolea maji ya mvua, ukiviziba Januari maji yatajaa kwenye reli na kumwagika sebuleni kwako. Mwenye dirisha za luva ana kazi zaidi kwa sababu vile vioo havijawahi kufungana sawasawa, kwa msimu huu tu funika kwa nailoni nene inayoonyesha, iwambe kwa ndani na uibane pembeni kwa vipande vya ubao mwembamba, Septemba unaitoa.

Sasa kuna matundu ya kuacha, na hapa naomba usome mpaka mwisho. Nyumba ikizibwa kila mahali inakuwa hatari. Jikoni lazima pawe na tundu la hewa, iwe unatumia gesi au mkaa, na chumba wanacholala watu wengi kiachiwe angalau tundu moja la juu, lile la upande usiopigwa na upepo. Na jiko la mkaa halilali ndani ya chumba. Najua limezoeleka, mtu anapika chakula cha jioni, mkaa umebaki mwekundu, hauna moshi, analiingiza chumbani liwapashe watoto. Ule mkaa usio na moshi ndo unaoua, kwa sababu unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, mtu anaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, na kama amelala haamki kabisa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukupi uhakika. Ukikuta watu ndani kwenye hali hiyo fungua milango, watoe nje kwenye hewa kwanza, alafu hospitali haraka hata kama wanasema wamepata nafuu. Kama una mama mzee au mfanyakazi wa ndani mwenye hilo zoea, kaa naye mweleweshe taratibu kwa upendo, usimfokee, manake anafanya kwa nia njema.

Turudi kwenye paa. Joto linapanda juu, na kama juu ni bati tupu basi limekwenda. Nyumba yenye siling na isiyo na siling, kwa usiku wa Julai hapa Dodoma, ni kama mikoa miwili tofauti. Kama unajenga kidogo kidogo na umeishia kwenye bati, nakushauri siling ije kabla ya taizi, kabla ya geti, kabla hata ya rangi ya nje. Hata ukianza na vyumba vya kulala peke yake. Jipsam ndo watu wengi wanaweka na iko sawa, siling ya plastiki nayo sawa, ila chochote utakachoweka simamia konisi na kona. Fundi akimaliza mwambie "fundi, hebu tuzime taa tuangalie," mchana, na ukiona mwanga unapenya pembeni arudie kujaza. Alafu panda kwenye dari ukaangalie pale bati linapokutana na ukuta. Mafundi wengi wakishapiga fishabodi (ule ubao wa ukingo wa paa) nje wanaona kazi imeisha, kwa ndani juu ya linta kuko wazi kati ya kenchi na kenchi (zile fremu za mbao zinazoshikilia paa), upepo unapita kwenye dari kama njia ya kawaida. Jaza kwa vipande vya tofali na udongo au saruji mpaka karibu na bati, acha matundu machache yenye wavu ili dari lisivunde na popo wasiingie. Yale mawimbi ya bati usiyajaze saruji, bati linapanuka mchana na kusinyaa usiku kwa hiyo saruji itapasuka tu, weka sponji.

Ukiwa na uwezo wa kuongeza kitu juu ya siling, pamba ya glasi ndo inayoshika joto la usiku vizuri, inatandazwa kati ya mbao za siling bila kukandamizwa, kwa sababu kinachozuia joto ni ile hewa iliyonaswa ndani yake, ukiiminya umeiua. Vaa barakoa, glavu na nguo ya mikono mirefu kwa kuwa inawasha vibaya. Acha nafasi kuzunguka taa zile za kuzama kwenye siling, zinapata moto, na usifunike maungio ya waya, kama waya wa darini umefungwa kwa selotepu ovyo ovyo mwite fundi umeme kwanza. Foili zile za kung'aa zinasaidia zaidi joto la mchana wa Oktoba na Novemba kuliko baridi, ila zinasaidia pia, tatizo ni kwamba watu wanazitandaza juu ya siling uso wa kung'aa ukiangalia juu, miezi michache vumbi limezifunika na mng'ao wote umekwisha. Ziwambwe chini ya papi (zile mbao zinazopigiliwa bati), uso unaong'aa uangalie chini, na pawe na nafasi ya hewa. Usijaze pumba za mpunga wala nyasi kavu, utafuga panya, utaalika mchwa, na siku cheche ya umeme ikitokea hakuna wa kuzima. Kuhusu mchwa kwa ujumla, Dodoma wako wengi, mbao yoyote unayopandisha juu ipakwe dawa kwanza.

Mpangaji wa chumba kimoja pale Chang'ombe au Nkuhungu ambaye chumba chake hakina siling na mwenye nyumba hataki kusikia, unaweza kuwamba siling ya kitambaa. Shuka mbili za kitambaa kizito, au mapazia ya zamani yaliyoungwa, unapiga misumari kwenye ukuta kwa usawa, unavuta kamba ngumu upande huu mpaka ule kila baada ya nusu mita, unalaza kitambaa juu ya kamba na kukibana pembeni kiguse ukuta pande zote. Isiwe nailoni au sandarusi kwa sababu zikishika moto zinadondosha matone yanayowaka. Balbu ishuke chini ya kitambaa ikae mbali nacho, mshumaa usiingie chumba hicho tena, na kama unapikia ndani ya chumba hicho hicho basi hii njia usiitumie kabisa. Kwa wengine wote inafanya kazi na siku unahama unaikunja unaondoka nayo.

Jua letu tunalichezea. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hapa Dodoma linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo Juni na Julai dirisha la kaskazini linapata mwanga karibu siku nzima na la kusini linabaki kivulini. Toka nje saa saba mchana simama, kivuli chako kinaelekea kusini, basi ushajua nyumba yako ilivyokaa. Asubuhi jua likishapanda, kama saa tatu, fungua mapazia yote ya mashariki na kaskazini, mwanga upige sakafu na ukuta, vinanyonya joto na kulitoa polepole usiku. Saa nane mpaka saa kumi fungua madirisha hewa ya ndani ibadilike wakati nje kuna joto. Saa kumi na moja na nusu funga madirisha, vuta mapazia, usisubiri usikie baridi ndo ufunge, manake hapo joto la mchana limeshatoka. Watu wengi wanafanya kinyume, wanafunga mchana kwa kuogopa vumbi na wanafungua jioni kupunga upepo, alafu usiku wanashangaa.

Mapazia yenyewe yawe mazito na ya tabaka mbili, lile jepesi la mchana na la kitambaa kizito ndani. Yapite dirisha kila upande kama sentimita 15 au 20 na yafike chini, pazia linaloishia nusu ya ukuta linaacha hewa ya kwenye kioo inapoa na kumwagika chini kwenye miguu yako. Huna hela ya pazia jipya? Shonea blanketi la zamani nyuma ya lile ulilonalo, kwa nje haionekani.

Sakafu ya saruji na taizi vinanyonya joto la mguu. Mkeka kwanza, kapeti juu yake, na kama sakafu yako inapandisha unyevu tanguliza turubai. Sehemu za kutandika ni mbili, pembeni ya kitanda unapokanyaga ukiamka, na pale watoto wanapokaa, huna haja ya kutandika nyumba nzima. Mwenye mtoto wa pumu akumbuke kapeti linahifadhi vumbi, litolewe nje likung'utwe na kuanikwa kila wiki, au atumie mkeka peke yake.

Kitanda kikisogezwa kutoka kwenye ukuta wa nje hata kwa upana wa kiganja, na kisikae chini ya dirisha la mashariki au kusini, mtu unalala vizuri zaidi bila kununua chochote. Godoro lililo chini sakafuni liwekewe maboksi yaliyofunguliwa na mkeka chini yake, kwa sababu blanketi la juu halikusaidii kama baridi inapanda kutoka chini. Chupa ya maji ya moto, iwe ya mpira au hata chupa ngumu iliyofungwa vizuri na kuvishwa soksi, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala miguuni, na kwa mtoto mdogo itolewe kabla hajalala.

Haya, hita. Kama umefanya hayo yote na bado una mgonjwa, mtoto mchanga au mzee ndani, nunua bila wasiwasi, lakini piga hesabu. Hita ya wati 2000 inakula unit mbili kila saa. Ukiiwasha kwa masaa manne kila usiku ni unit nane, kwa mwezi 240, na wale walio kwenye tarifu ya matumizi madogo ya unit 75 kwa mwezi watatolewa huko. Chumba kidogo kilichozibwa kinatosheka na wati 750 kwa saa moja kabla ya kulala, alafu unazima. Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kamwe usitumie ekstensheni ile ya kuchajia simu, shika plagi baada ya dakika kumi, ikiwa ya moto zima umwite fundi. Isikae karibu na neti, pazia wala nguo za kukausha. Moto ukitokea namba ya Zimamoto ni 114.

Maji ya kuoga nayo ni sehemu ya kuishi vizuri msimu huu. Tanki jeusi lililo juu ya mnara likipigwa na jua mchana maji yake saa kumi jioni yana uvuguvugu, oga na uogeshe watoto muda huo badala ya alfajiri. Anayeweza kununua hita ya maji ya jua hatajuta, mbingu zetu za kiangazi ni safi karibu kila siku, ila maji mengi ya visima huku ni magumu, yanaacha ukoko mweupe ndani ya birika, na ukoko huo huo unaziba hita, kwa hiyo muulize muuzaji namna ya kuisafisha kabla hujalipa. Shawa ya umeme lazima iwe na waya wake peke yake, swichi yake ya kukata, na ethi (waya wa ardhini). Hapo usikubali fundi akwambie "bosi, tutaunganisha tu kwenye soketi."

Wanaojenga sasa hivi kule Iyumbu, Nala, Ihumwa na Mtumba, mna bahati kwa sababu mnaweza kuyafanya haya kwenye ramani bila gharama ya ziada. Vyumba vya kulala na sebule vielekee kaskazini, stoo, choo na jiko vikae upande wa kusini-mashariki vipokee upepo, na upande huo madirisha yawe madogo. Ukuta upigwe lipu ndani na nje, tofali za kuchoma zisizo na lipu zinapitisha hewa kwenye maungio. Na kama una muda nenda Chamwino au vijiji vya Mpwapwa ukaingie ndani ya tembe la zamani la Kigogo kama bado utalipata: ukuta mnene wa miti na udongo, paa la bapa lililobebeshwa udongo juu ya miti, mlango mfupi, madirisha vitundu. Mchana wa jua kali ndani kumepoa, usiku ule udongo unarudisha joto la mchana taratibu. Sisemi turudi kwenye tembe, panya na mvua kubwa vilikuwa shida ya kweli, ila wale wazee walielewa upepo wa hapa unatoka wapi na kwa nini paa lilihitaji uzito, na hayo mawili tunaweza kuyachukua kwa ukuta mnene na siling nzuri.

Nje ya nyumba kata upepo kabla haujafika ukutani. Ukuta mtupu wa tofali unausukuma upepo juu na kuushusha ndani ya uwanja wako, safu ya miti inaupunguza nguvu. Mwarobaini na mjohoro vinastahimili ukame wetu, panda upande wa mashariki na kusini-mashariki, safu mbili zikipishana, mbali na msingi mita tano au zaidi ili mizizi isisumbue nyumba, na upande wa kaskazini usipande mti mrefu utakaokufunika jua la Julai. Minyaa nayo inafaa kwa uzio ila utomvu wake ni hatari kwa macho, kama una watoto wadogo iache. Chimba mashimo Novemba, changanya samadi, panda Desemba mvua zikishashika, na siku hiyo hiyo zungushia miiba, sababu mbuzi wa jirani watafika kabla ya mvua ya pili.